Kisa cha Noah ya Temeke iliyoibukia limbuko la mpunga Rufiji

Hiki kisa cha watu watano waliopanda gari aina ya Noah kwenda ghafla Rufiji kula limbuko, yaani shughuli ya kuonja mavuno ya kwanza ya mpunga, kimeongelewa sana mtaani kwetu huku Temeke na kila mtu ana hukumu yake, wengi wanasema ndo madhara ya kukurupuka, safari gani inapangwa kwenye chai ya asubuhi halafu usiku mko kijijini kwa watu. Mimi nimewasikiliza waliokwenda na nimewasikiliza wenyeji, maana fundi aliyewapeleka ni binamu yangu na kule walikofikia ni kwa mjomba wetu, na kwa nilivyosikia pande zote naona hukumu hiyo imemkamata asiye mwizi. Ughafla haukuharibu kitu. Kilichotaka kuharibu ni kingine kabisa na kilikuwa kimekaa kwenye buti la gari tangu wanatoka Temeke.

Ilikuwa Juni 2025. Alhamisi baada ya Isha mjomba kampigia simu binamu, kamwambia mpunga umeshabadilika rangi, mashuke ya juu yameiva ila punje bado hazijakauka sana, Jumamosi asubuhi tunalimbua, kama unakuja njoo na kama huji tutakuombea dua hukohuko uliko. Mwaliko ndo huo, hamna kadi wala grupu la WhatsApp la kamati. Ijumaa asubuhi gereji, binamu (yeye ni fundi umeme wa magari) akawa anamuaga mwenzake wa duka la spea pale kwa mama lishe wanapokunywa chai, sasa yule mwenzake ni Msukuma wa Shinyanga, mpunga kwao anaujua vizuri, akasema na mimi naenda. Mama lishe akasikia, naye akasema anakwenda. Mama lishe ana mdogo wake wa kiume ambaye kazi yake ni kushika simu na kuposti vidio, huyo hata hakuulizwa alijihesabu. Na kwenye benchi alikuwepo Mchagga mmoja mwenye Noah iliyokuja kurekebishwa chaji, akasema gari si imeshapona jamani, changeni mafuta twende tuijaribu. Wakachanga elfu thelathini thelathini, isipokuwa mwenye Noah, yeye kasema mchango wake ni gari. Hiyo sentensi ya mwenye Noah iwekeni pembeni, tutairudia.

Jioni wakatoka, foleni ya Mbagala ikawala kama inavyokula kila mtu, kuanzia Rangi Tatu mpaka Kongowe ni kusukumana tu, baada ya hapo Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti, lami yote mpaka Ikwiriri. Kutoka Ikwiriri mpaka kwa mjomba ndo barabara ya vumbi na mashimo na hapo ndo Noah ilipoanza kulia. Walifika usiku, wakapokelewa, wakapewa ugali na samaki wa mtoni, wakalala.

Sasa kabla sijaingia kwenye varangati lenyewe nijibu hili la kukurupuka, maana wanaolisema wengi hawajawahi kuona limbuko. Limbuko la namna hii halina tarehe. Mpunga wa bondeni Rufiji unapandwa kufuata mvua na mto, unavunwa kati ya Mei na Julai kutegemea mbegu na lini maji yalipanda na lini yalishuka, na shamba la huyu na la jirani yake yanaweza kupishana wiki mbili. Juu ya hapo familia yetu inalimbua kwa pepeta, yaani punje changa zilizokaangwa na kutwangwa mpaka zikawa bapa, na pepeta inataka punje iliyokwisha kujaa lakini bado ina ulaini ndani, ukichelewa punje zimekauka ukiziponda zinavunjika zinakuwa chenga, ukiwahi zina maziwa bado. Una siku chache tu hapo katikati. Mtu anayesubiri likizo yake ya mwaka ipite kwa bosi, aombe, ajaziwe fomu, huyo atasikia habari tu miaka yote. Kwa hiyo walioitikia Alhamisi kwa Jumamosi walikwenda kwa mwendo uleule wa shughuli yenyewe, na mjomba hajawahi hata siku moja kulalamika kwamba walikuja ghafla. Watu wanne wa ziada kwenye sufuria la kijijini msimu wa mavuno si ishu.

Tuje kwenye ishu.

Jumamosi alfajiri baada ya swala wakatoka kwenda shambani, kwa miguu, maana shamba liko bondeni na nyumba ziko juu. Hili nalo lina sababu yake. Zamani watu wa huku walikuwa wanaishi hukohuko bondeni kwenye madungu, zile nyumba za juu ya miti, maji yakija yanapita chini, na wakiwa pale pale wanawaamia ndege na kufukuza nguruwe pori. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa nyanda za juu kaskazini ya mto. Bibi yetu, mama yake mjomba, aliolewa akitokea Kisarawe akawakuta bado wanakaa bondeni, ameishi kwenye dungu kabla ya kuhamishwa. Watu wakahama, makaburi hayakuhama, mashamba hayakuhama. Ndo maana limbuko la kwetu halifanyiki uwanjani nyumbani ambako gari lingefika na viti vya plastiki vingekuwepo, linafanyikia chini ya mwembe mmoja kule bondeni karibu na alipozikwa babu na wazee wengine, na mwendo wake kwa miguu si mchezo, mama lishe alivaa yebo za kisigino akaishia kuzishika mkononi.

Wanafika shambani jua ndo linatoka, mpunga umeinama wote rangi ya dhahabu na umande juu, mama lishe kasimama kasema mashaallah mjomba, hapa hukosi gunia ishirini. Mjomba kafurahi, kasema tunamshukuru Mungu. Halafu mama lishe kaendelea palepale, mjomba mimi nikupe laki mbili sasa hivi taslimu, mniwekee gunia tatu, mkivuna nakuja kuchukua.

Kimya. Mjomba hakujibu neno, akageuka akatangulia. Akamvuta binamu pembeni akamuuliza, "Umeniletea wageni au umeniletea walanguzi?"

Hapo ndo pa kuchambua, maana mtu wa Dar akisikia hivi anaona mjomba kazidisha, biashara ni biashara, mwanamke kataja bei, ukikataa si unasema sitaki. Mimi mwenyewe kwa bei tu ningesema gunia tatu kwa laki mbili ni bei ya chini lakini si tusi. Ila kuna mambo mawili mama lishe hakuyajua, na binamu aliyajua akakaa nayo.

La kwanza, pale nyumbani hakitoki kitu cha shamba kwenda kuuzwa kabla ya limbuko. Hata kula mchele wenyewe wameacha tangu wiki iliyotangulia, wanakula ugali na muhogo ili mchele mpya uwakute na hamu. (Kumbe mama lishe zawadi aliyobeba kutoka Tandika ni mchele wa Kyela kilo kumi, akampa bibi usiku ule, bibi kapokea kwa mikono miwili kasema ahsante mwanangu huu tutaula ukiisha wetu, kausukumia uvunguni. Hakuna aliyemwambia kitu, na hakuna aliyekasirika, walicheka baadaye sana. Kumpelekea mkulima wa mpunga mchele wa dukani wiki ya limbuko, yaani.)

La pili ndo zito. Msimu wa nyuma yake mjomba aliuza mpunga ukiwa bado shambani. Mfanyabiashara kutoka huku mjini alimpa laki nne mwanzoni mwa mwaka, makubaliano gunia kadhaa wakivuna. Aprili 2024 yakaja yale mafuriko, mliyaona kwenye taarifa ya habari, Rufiji na Kibiti maji mpaka juu ya paa, shamba lote la mjomba likawa mto. Wengine wanalaumu bwawa la Nyerere kule juu, wengine wanasema ni mvua tu zilizidi, sitaingia huko, mimi ninachojua mpunga ulikwenda na laki nne ikabaki. Juni yule mtu kaja kudai, na kudai kwenyewe kwa maneno ya mbele za watoto. Ziliuzwa mbuzi, ikauzwa baiskeli, deni limeisha Disemba. Mwaka huo hawakulimbua, wangelimbua nini. Kwa hiyo limbuko la 2025 lilikuwa la kwanza baada ya ile hasara, na mjomba alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba mpunga hauuzwi tena ungali umesimama. Halafu anatokea mtu wa Dar, mpunga umesimama, limbuko halijaliwa, na noti mkononi.

Binamu alikuwa anajua yote, hadi hela ya kumalizia deni aliituma yeye. Nikamuuliza kwanini hukuwaambia wenzako njiani, kajibu, "Sasa aibu ya mjomba niikalie nasimulia kwenye Noah?" Namwelewa. Ila alikuwa na njia ya kusema bila kusema, angetamka tu kwamba kule hamna kununua kitu mpaka wazee wamalize shughuli yao, basi, sababu asingeulizwa.

Na mama lishe naye si kwamba wazo lilimjia pale shambani kwa kuona mpunga mzuri. Kwenye buti kulikuwa na magunia manne matupu yamekunjwa chini ya tairi la akiba. Binamu aliyaona wakati wa kupakia akadhani ni ya kubebea mkaa wa kurudi nao. Nilipombana mama lishe alinipa jibu ambalo nimelipenda kwa ukweli wake, kasema "nilijua nikisema naenda kununua, fundi angetaka chake cha juu." Kwa hiyo kajiandikisha kama mgeni wa limbuko huku safari yake ni ya mzigo. Pikeni hoja zenu za kukurupuka mtakavyo, ila mimi naona kosa lote liko hapa: watu watano wamepanda gari moja, kila mmoja na lake, na binamu aliyewapeleka hakumuuliza hata mmoja unakwenda kule kama nani. Kijijini ukipiga hodi mtu anataka kujua wewe ni nani kwake, mkwe, mtani, mgeni wa mwanangu, mnunuzi, mtu wa serikali, na kila mmoja ana pa kukaa na ana namna ya kuzungumza naye. Mnunuzi hafukuzwi, anaambiwa subiri pale. Ila mgeni akigeuka mnunuzi katikati ya shamba, mwenye shamba anajiona amevuliwa nguo.

Angalia tofauti na yule kijana wa vidio. Huyu alikuja na kazi yake wazi, simu iko kwenye kijiti tangu Mbagala. Bibi alipoanza kukata mashuke ya kwanza, anakata kwa kisu kidogo si mundu, shuke mojamoja, kijana kainua simu. Bibi kasimamisha kisu hewani kamtazama, "Mjukuu wangu, na hiyo simu nayo imekuja kula limbuko?" Watu wakacheka, kijana kashusha, kasema samahani bibi, bibi kamwambia ngoja tufike kwenye kinu huko utapiga mpaka uchoke. Imeisha hiyo, sekunde kumi. Kwa sababu jambo lilikuwa mezani na mwenye jambo akalipangia nafasi yake.

Aliyeokoa asubuhi ile ni Msukuma. Baada ya mjomba kununa mambo yalikuwa yanaelekea pabaya, mama lishe anataka kulia, binamu anatazama chini, mwenye Noah anauliza kwa sauti tunaondoka saa ngapi (huyu naye). Msukuma akamsogelea bibi akasema kwa nguvu wote wasikie, bibi huyu mama mnamkasirikia bure, wa kukasirikiwa ni mimi, ng'ombe za ndugu zangu ndo zinazomaliza mpunga wenu huku. Jamani, Rufiji hiyo, ambako tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007 wakateremka huku na mifugo, ugomvi wa ng'ombe na mashamba umeshaua watu. Mtu mwingine akitamka vile ni ngumi. Lakini bibi ni Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi inayoshuka pwani, bibi kamjibu hapohapo, "Ndo maana tangu jana usiku nanusa maziwa yaliyochacha." Kamtoza faini, atatwanga yeye leo, wanawake wapumzike. Hata mjomba akacheka. Ukiangalia vizuri yule Msukuma alifanya kitu kimoja tu, alijitambulisha, alisema mimi ni fulani kwenu, na bibi akajua pa kumweka.

Pepeta zilipikwa palepale chini ya mwembe. Mashuke yakafikichwa kwa mikono, punje zikamwagwa kwenye chungu juu ya mafiga matatu, moto wa wastani, bibi anakoroga na kijiti bila kuacha. Punje mbili tatu zikianza kuruka na kupasuka ndo ishara, zinamiminwa kwenye kinu zikiwa za moto vilevile na mchi unaanza muda huohuo, kwa sababu zikiwa za moto zinabonyea zinakuwa bapa, zikipoa unapata unga. Msukuma anatwanga jasho linamtoka, shangazi mmoja anamkosoa, mchi unaupiga kama unaua nyoka bana, na kijana wa vidio hapo ndo kapewa ruhusa kakomaa kweli. Kisha mama lishe akapewa ungo. Hakuambiwa chochote, shangazi alimkabidhi tu. Na yule mwanamke anajua kupepeta, ungo unaruka mkononi makapi yanapeperuka upande mmoja, zinabaki pepeta za kijani kijani zina harufu ya majani mabichi na moshi. Ikatiwa nazi ya kukuna na sukari.

Mjomba kasoma dua, Fatiha, kataja majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka ya watu ambao sisi hatuwajui hata sura. Bibi akachukua konzi moja akaiweka kwenye shina la mwembe. Kuna mashekhe hawapendi kabisa hilo na mjomba analijua, ndo maana konzi anaweka bibi na si yeye, na wakati huo mjomba huwa anakuwa na shughuli ya kutafuta kandambili zake. Bibi akaonja, akafuata mtoto mdogo kuliko wote, halafu sinia likazunguka kwa wote, wageni na wenyeji mkono mmoja.

Baada ya kula mjomba mwenyewe akamwita mama lishe, akamkalisha, akamsimulia habari ya laki nne. Mama lishe kaniambia pale ndo aliona aibu kuliko asubuhi. Wakakubaliana: hamna pesa ya mbele, mpunga ukishapigwa na kuanikwa atapigiwa simu, aje na hela yake, wapime kwa mizani, hamna lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi. Na mjomba akaongeza sharti la kuukausha sawasawa kabla ya kuuza ingawa mpunga mbichi ungempa kilo zaidi kwenye mizani, kasema sitaki useme nimekuuzia maji.

Julai mwishoni akaenda, safari hii kwa basi, akasema tangu mlangoni mimi nimekuja kununua. Mjomba akamfundisha kung'ata punje, ikikatika ka! imekauka, ikibonyea bado. Hili si dogo kwa mtu wa biashara yake, mpunga wenye unyevu ukiupeleka mashineni unatoka chenga tupu, na ukiulimbika kwenye magunia unavunda. Uliokauka vizuri kilo mia zinakutolea mchele kama kilo sitini mpaka sitini na tano, zilizobaki ni maganda na pumba. Alipiga hesabu na nauli na kukoboa, bado ikamlipa kuliko kununua Tandika. Wateja wake ndo walilalamika wiki ya kwanza, wali umekuwa bokoboko, maana mchele mpya unataka maji machache na yeye mkono wake ulishazoea mchele wa zamani. Sasa hivi ameshaupatia.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosea nasema binamu kwanza, yeye ndo alikuwa mlango, mama lishe wa pili, na mjomba robo tu, kwa lile neno la walanguzi ambalo ameshaliombea radhi.

Kilichobaki bila kuisha ni Noah. Kwenye lile vumbi la Ikwiriri ilipiga bushi na shokapu moja ya nyuma ikamwaga mafuta, na mwenye gari anadai wachangie matengenezo kwa sababu yeye alikuwa amekodishwa. Wenzake wanasema hukukodishwa wewe, ulisema mwenyewe mchango wako ni gari, ulikwenda kama rafiki, ukala pepeta kama rafiki, ukapewa na kuku wa kuondokea. Yeye anajibu kuku alipewa dereva. Wamekaa vikao kwenye lilelile benchi la chai, binamu kajitolea ufundi bure ila spea hanunui, Msukuma anasema atatoa shokapu kwa bei ya jumla lakini bure hapana, na Noah mpaka naandika hapa imepaki nje ya gereji imeinama upande mmoja.